Ufunguo wa Ghala la Mgwani

Kigombe, 3 Machi 1953

Kwa ndugu yangu Idarusi bin Mwinyijuma, Tanga mjini.

Salamu zangu zikufikie wewe, wifi yangu Mwamvua na mtoto. Huku tu wazima, ila uzima wa mtu aliye edani waujua: nala, nasali, natazama makuti ya paa. Tangu marehemu mume wangu Bakar azikwe sijakanyaga uwanja. Shangazi Asmahani ndiye anayenipikia na kuniletea habari za nje, nazo huja zimekwisha tiwa chumvi na pilipili. Yule mbuzi mweupe amezaa mapacha.

Sasa lililonishikisha kalamu. Juzi nimekaa ukumbini, nikasikia mlango wangu unapakwa kitu, chwa, chwa, bila hodi. Nikasema, "Nani huyo anayechora mlango wa mfiwa?" Akajibu kijana wa Kibondei, jina lake Noa, ana ndoo ya chokaa. "Samahani mama, ni alama ya serikali. Nyumba hii imo."

"Imo katika nini?"

"Bwana Idarusi atakuja kueleza."

Idarusi yupi? Huyu niliyemfuta kamasi mimi? Nyumba zilizopakwa chokaa ni zetu za upande wa pwani tu. Watu wanasema shamba la mkonge la Mgwani lataka kujenga gati hapa, na zilizopakwa ndizo zitakazobomolewa. Kila anayepita dirishani kwangu anasema, "Muulize nduguyo." Nyumba hii ndiyo aliyoniachia marehemu, sina nyingine. Kama umetia mkono wako, niambie nijue. Kama hukutia, niambie vile vile. Usinizungushe.

Ni mimi dada yako,
Mwanasiti


Tanga, 14 Machi 1953

Kwa dada yangu mpenzi Mwanasiti binti Mwinyijuma.

Shikamoo dada, shikamoo tena kwa niaba ya Mwamvua. Mtoto ameota jino na sasa hatulali. Pole kwa msiba na pole kwa upweke. Mbuzi kuzaa mapacha ni baraka.

Dada, hakuna gati na hakuna nyumba itakayobomolewa. Nimepata kazi katika Kamati ya Tahadhari ya Pwani, mimi ndiye msemaji wake. Umesikia kimbunga kilivyoipiga Lindi mwaka jana. Wakubwa wamesema vijiji vya pwani vifundishwe la kufanya maji yakipanda. Chokaa maana yake ni kwamba nyumba iko bondeni, na watu wake ndio wa kwanza kuondoka. Mbiu itapigwa, watu watapanda hadi ghala la mkonge la Mgwani, ambalo ni la mawe na liko juu, wakae humo mpaka hatari ipite. Basi. Ni kwa faida ya wananchi wote.

Nitakuja Ijumaa ya tarehe ishirini na saba na gari lenye kipaza sauti. Waambie watu wahudhurie kwa wingi.

Mdogo wako,
Idarusi


Kigombe, 2 Aprili 1953

Ndugu yangu Idarusi,

Baada ya salamu kwako na kwa wifi, mpakeni mtoto asali ya nyuki kwenye fizi. Shangazi anaumwa goti, lakini ulimi mzima.

Ulikuja, ukaingia kwangu, ukanipa pole, ukala kitumbua kimoja, ukatoka mbio. Wewe, wa kitumbua kimoja? Nikajua hapo hapo kuna jambo.

Nami sikuona zoezi lenu, lakini nimelisikia, na shangazi amenihadithia mara tatu. Mbiu ilipolia, watu wa Kigombe wakafanya waliyofundishwa na babu zao: wakaacha vyungu motoni, wakakimbilia barazani kwa Jumbe Mbarouk kuulizana kuna nini. Na baraza ya Jumbe iko wapi? Ukitema mate unaipata bahari. Mnataka watu wayakimbie maji, mkawapigia chombo kinachowaita majini! Noa alikuwa juu kule ghalani anawangoja peke yake, na kofia yake. Wewe ni mtoto wa hapa hapa, ulishindwaje kuwaambia wakubwa wako kwamba mbiu ya Kigombe haimtumi mtu kwenda, humwita aje? Au ukikaa mjini masikio huota manyoya?

Haya, hilo ni la kucheka. Lisilo la kucheka ni hili. Uliwakusanya upya ukawapandisha ghalani, wazee kwa watoto, jua la utosi. Wakakuta mlango umefungwa kwa kufuli kubwa kama boga. Ukasema ni zoezi tu, siku yenyewe mlango utakuwa wazi. Shangazi akakuuliza mbele za watu, "Ufunguo anao nani?" Nawe ukaweka santuri ya taarabu.

Idarusi, ufunguo anao nani?

Dada yako,
Mwanasiti


Tanga, 17 Aprili 1953

Dada yangu mpenzi, shikamoo.

Asali imesaidia, jino la pili nalo limetoka. Mwamvua anakusalimu sana. Nimekuwa safarini Pongwe na Pangani, ndiyo maana nimechelewa kujibu. Pangani tuliwakuta watu wasikivu sana.

Juu ya mbiu, maneno yako ni kweli, nami nimewaeleza wakubwa, wamecheka kisha wamekubali. Wanauliza watu wa Kigombe wangependa ishara gani badala yake. Ukiwa na shauri, andika, nitalipeleka kwa jina lako.

Mvua huku ni nyingi, nazi nazo zimepanda bei. Nakuletea sabuni mbili nzuri, zimetoka dukani kwa Mhindi, zinanukia waridi. Kuku wako hawajambo? Yule jogoo mwekundu bado yupo?

Mdogo wako,
Idarusi


Kigombe, 28 Aprili 1953

Idarusi,

Salamu kwa Mwamvua na mtoto.

Sabuni zako nimempa shangazi. Mwanamke wa eda hapaki manukato wala haogi na manukato, hilo hata Noa Mkristo alijua, maana alipoleta furushi alilishika kwa ncha za vidole akasema, "Mama, hizi si zako." Wewe uliyehitimu chuoni ukasahau? Hukusahau. Ulikuwa na haraka ya kunifunga mdomo, ukanyakua la karibu. Hongo ya waridi.

Na kuku, Idarusi! Tangu utotoni, ukiwa na jambo umelificha, wauliza habari za kuku. Ulipovunja mtungi wa bibi ulimkalisha chini ukamwuliza habari za kuku wake mmoja mmoja kwa rangi yake. Leo wanifanyia mimi?

Ishara uliyoulizia ni hii: kinu kitupu. Huku hakuna mwanamke anayetwanga kinu kisicho na kitu, tunaambiwa ni kuita njaa. Kwa hiyo kikisikika kinu kitupu, sauti yake kavu kila mtu anaijua, na kila mwanamke atajua si mchezo. Atakayeona maji yanapanda apige cha kwake, jirani naye apige cha kwake, mpaka mwisho wa kijiji, kisha tupande. Shangazi amewapitia wanawake nyumba kwa nyumba, wote wameafiki. Nami naweza kupiga cha kwangu bila kuvuka kizingiti.

Lakini kupanda kwenda wapi? Watu wameanza kusema kwamba wewe umewekwa utupandishe kule, tukishaacha nyumba wazi shamba lije litie mikono yake. Mimi nakukana? Sikukani. Nakutetea? Kwa maneno gani, nawe hujanipa hata moja? Jumbe Mbarouk alipita dirishani jana akasema, "Mwanasiti, damu yako ile inatupeleka pabaya." Nikaona haya.

Nakuuliza mara ya pili na sitaki habari za Pangani. Ufunguo wa ghala anao nani?

Mwanasiti


Tanga, 19 Mei 1953

Dada yangu,

Shikamoo, na Ramadhani karimu. Sisi tumefunga salama, mtoto ana kikohozi kidogo.

Nimeiandika barua hii na kuichana, na kuiandika tena. Ukishaisoma itie motoni. Nilipewa amri nisiseme.

Ufunguo anao meneja wa Mgwani, na hajawahi kukubali kuutoa. Kamati ilipomwendea alisema atafikiri, kwa kuwa mle mna marobota ya mkonge yanayongoja meli, na watu wataingia na majiko. Mkubwa wangu akasema tutangaze tu, watu wakishajua ghala ni lao siku ya hatari, meneja ataona haya kukataa. Nikasema, je asipoona haya? Akaniambia kazi yangu ni kusema, si kuuliza. Dada, nina mke na mtoto mchanga na kazi yenyewe ina miezi mitatu. Nilipokaa kwako na kile kitumbua nilitaka kukuambia, nikainuka nikatoka. Ningekuambia, Kigombe nzima ingejua kabla sijafika Tanga, na hakuna ambaye angepanda tena. Nikaona afadhali wajue njia kuliko wasijue lolote. Sijui kama nilifanya sawa.

Ilivyo sasa hakuna anayelishughulikia. Gari la kipaza sauti limechukuliwa kutangaza sherehe za kutawazwa Malkia, nasi sote tunafunga bendera mitaani. Sherehe zikiisha nitalianzisha upya jambo hili, nakuahidi. Bahari isipande kabla yake tu.

Barua hii nampa dereva wa lori la nazi, siiamini posta kwa neno kama hili.

Nisamehe.
Idarusi


Ghalani Mgwani, 3 Juni 1953

Idarusi,

Tazama vizuri pale juu nilipoandika mahali. Hukukosea kusoma.

Barua yako imenifikia jana. Lori lilikwama tangu barabara ikatike, na dereva alikuja kwa miguu, bahasha imelowa chapa maji. Nimeisoma yote. Kwanza nikuhadithie, kisha nitakusema.

Alhamisi iliyopita mvua ilikuwa haijanyamaza tangu alfajiri, na bahari ilikuwa katika bamvua, maji makuu, mwezi umekaribia kujaa. Wakati wa alasiri nilikuwa nimekaa na tasbihi yangu, nikaona maji yanaingia chini ya mlango. Si ya mvua, maana yalikuwa na mwani. Nikaburuta kinu, nikapiga. Wallahi, nilihisi naita njaa kweli. Nikasikia cha jirani, halafu cha pili, halafu kijiji kizima kikawa vinu vitupu. Hapakuwa na mtu aliyekwenda barazani kwa Jumbe. Jumbe mwenyewe alikuwa wa mbele kabisa kupanda.

Mimi nilisimama kizingitini. Maji yamefika magotini na bado nikawa najiuliza, nitokeje, edani? Imamu alishaniambia kuwa hatari humhalalishia mwenye eda kutoka, lakini kusikia ni kimoja na kuvuka ni kingine. Shangazi alirudi na goti lake bovu, akanishika mkono. "Toka! Bakar hakukuoa ufe maji!" Nikajitupia kaniki nikatoka. Nilipogeuka nikaona ukuta wa upande wa bahari unakaa chini polepole, kama mzee anayekaa mkekani. Nyumba yangu, Idarusi. Nililia njia nzima.

Tulipofika juu, kufuli lipo pale pale. Mvua, watoto wanalia, wagonjwa wamebebwa mgongoni. Jumbe akasema tungoje mwenye ufunguo, kuvunja mlango wa Mzungu ni jela. Wanaume wakatazamana. Idarusi, nikaapa nikikushika nitakutafuna. Ndipo nikatazama wanawake, na kila mmoja ana mchi mkononi! Walikuwa wanapiga vinu na hakuna aliyekumbuka kuutua, wamepanda nao kilima kizima. Shangazi akasema, "Jamani, tumebeba funguo na tunalia?" Tukapenyeza michi miwili nyuma ya kufuli, wanne huku, wanne huku, tukakaza kwa pamoja. Kufuli halikuvunjika. Mlango ndio uliolitema pamoja na misumari yake.

Hakufa mtu, alhamdulillahi. Yule mbuzi na mapacha wake wamekwenda na maji. Nyumba zilizopakwa chokaa zote zimeanguka, hata moja haikubaki, kwa hiyo hilo Noa alilipima sawa. Walinipangia marobota ya mkonge pembeni yakawa ukuta, wakatundika mikeka, nami nikaingia nyuma yake nikaendelea na eda yangu. Tumefuturu kwa nazi na madafu.

Jumamosi meneja akaja, na msimamizi wake wa kufasiri. Namsikia kwa nyuma ya mkeka. "Mvua imekwisha. Watu watoke leo." Imamu akakohoa akasema, "Watatoka, Bwana. Ila mmoja hatoki."

"Kwa nini? Mgonjwa?"

"Si mgonjwa. Amefiwa na mume, ana eda. Nyumba yake ikianguka, sheria yetu humpa mahali pa salama palipo karibu, na akishakaa hapo hahamishwi mpaka amalize."

"Basi abaki huyo mmoja."

"Peke yake hawezi, Bwana. Lazima awe na wanawake wa kumtumikia. Na wanawake hao wana waume. Na watoto."

Meneja akauliza kama marobota yake yamelowa. Akaambiwa hayakulowa, maana tuliyatandikia makuti. Akaondoka. Tangu hapo watu wanashuka asubuhi kujenga na jioni wanarudi.

Sasa wewe. Barua ile ungeiandika Machi, tungekwenda kwa meneja sote, tukakaa mlangoni kwake mpaka aone haya tukimtazama. Wewe ulitupa njia bila mlango. Nimekasirika, na hasira hii sitaificha. Barua nimeitia motoni kama ulivyotaka, lakini si kwa ajili ya mkubwa wako. Ni kwa ajili ya mtoto mwenye kikohozi.

Mwanasiti


Tanga, 22 Juni 1953

Dada yangu, shikamoo, na Idi mubaraka.

Mtoto amepona. Mwamvua amelia alipoisikia habari ya nyumba, anakuletea mikeka miwili na kanga. Uliyonisema nimeyapokea, ni haki yako.

Lakini dada, meneja amekuja bomani analalamika. Anasema ghala lake limekuwa nyumba ya mjane na hawezi kumtoa kwa sababu ya dini, na meli inakaribia. Mkubwa wangu ananiuliza mimi, kwa kuwa mimi ni ndugu yako, eda itakatika lini. Nimemwambia nitauliza.

Nami nauliza kwa siri, usikasirike. Nilikuwapo mazikoni kwa shemeji Bakar. Nimekaa nikahesabu, na kwa hesabu yangu eda yako, miezi minne na siku kumi, ilikatika siku za Idi hizi. Mbona bado uko nyuma ya marobota? Kuna jambo hapo hujaniambia?

Mdogo wako,
Idarusi


Ghalani Mgwani, 29 Juni 1953

Ndugu yangu Idarusi,

Idi njema kwenu nyote. Mikeka imefika, mwambie wifi Mungu amzidishie. Shangazi hajambo, anafulia sabuni ya waridi na ghala zima linanukia.

Kijiji kimejengwa nusu. Watu wanapandisha nyumba juu kidogo, hata bila kuambiwa na Kamati. Meneja hupita mlangoni kila asubuhi, anamwuliza imamu, "Bado?" Imamu humjibu, "Bado, Bwana." Hajamwuliza eda ni muda gani, na hapa Kigombe hajatokea wa kumwambia, hata wale waliokuwa wakisema umetuuza. Noa naye ameulizwa, akasema yeye ni Mkristo, mambo haya hayajui.

Akitaka ghala lake ni rahisi. Achonge ufunguo wa pili, aukabidhi mkononi mwa shangazi Asmahani mbele ya watu, nawe uje na kipaza sauti chako utangaze ufunguo anao nani. Siku hiyo nitavuka kizingiti na marobota yake atayapata makavu.

Kuhusu eda yangu, wakikuuliza tena bomani inakatika lini, wewe waulize kuku wao hawajambo.

Dada yako,
Mwanasiti